Jini, Jeni na Mbwa wa Lubao

Ukitaka kujua kama watu wa kwetu wanaamini mambo ya urithi, usiwaulize kanisani. Nenda Lubao siku ya soko, upande ule wa mbwa. Hata nyinyi ambao hamjawahi kufika Kakamega mmeiona kwenye habari, maana wanahabari hawachoki kuja na kamera kushangaa kwamba kando ya barabara ya kwenda Webuye kuna soko ambapo mbwa anauzwa kama kuku. Kamera inapenda kamba na kubweka. Mimi napenda maswali ya wanunuzi. Mnunuzi anayejua kazi yake haanzi na bei. Anauliza, "Mama yake ni mkali?" Anauliza, "Na baba yake mlimtoa wapi?" Muuzaji anamjibu kwa ukoo mzima: mama analinda boma fulani na mwizi hajawahi kuruka ua, baba alikuwa wa kuwinda. Mdomo wa kidogo unafunguliwa, meno yanaangaliwa, masikio yanainuliwa, ndipo bei inaanza.

Yaani pale kila mtu ni mtaalamu wa urithi. Na wanajua jambo moja ambalo naomba mlishike mpaka mwisho: aliyezaliwa ana mama na ana baba. Hakuna anayenunua mbwa Lubao kwa kuuliza upande mmoja tu.

Miezi michache iliyopita nilishuka matatu hapo Lubao, nikapita sokoni kwa miguu, nikaenda nyumbani kwenye kikao cha ukoo. Nikakuta wazee walewale wanaojua mbwa wamesahau kila kitu.

Kikao kilimhusu mtoto wa kaka yangu. Ana miaka 7. Tangu mwaka jana anafumba macho kwa nguvu, mara tatu nne mfululizo, kisha bega la kushoto linaruka. Baadaye ikaongezeka sauti, kikohozi kifupi kisicho na mafua wala kifua. Shuleni wakamrudisha nyumbani na barua. Jirani akasema ni kifafa, akawakataza watoto wake kula naye sahani moja. Kisha akaitwa mtu wa maombi, akasema ni roho ya familia, halafu akaongeza maneno matatu yaliyovunja nyumba: "Upande wa mama."

Basi. Kuanzia siku hiyo wifi yangu hakuwa tena mke wa mtu, akawa njia ambayo kitu kiliingilia. Ukoo wao ukaanza kuchambuliwa jikoni: nani kwao alikuwa na wazimu, nani alikufa kifo kisichoeleweka, bibi gani alisemwa nini mwaka gani. Mama mkwe akaacha kula chakula alichopika. Wiki moja kabla ya kikao alimfunga mgongoni yule mdogo anayenyonya, akarudi kwao. Yule mkubwa akaachwa, eti "aombewe kwanza."

Nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikisikiliza. Mimi ni senje wa yule mtoto, na kwetu senje ana nafasi ya kusema. Lakini nilingoja kaka yangu aseme kwanza, kwa sababu mtoto ni wake na mke ni wake. Hakusema. Alikuwa anaangalia chai yake kana kwamba kuna kitu kimeandikwa ndani ya kikombe.

Nikasema, "Baba mkubwa, hii kitu imetoka kwetu."

Kimya kilichofuata mngekisikia kutoka Nairobi.

Ninajuaje? Kwa sababu mimi ninayo.

Nilipokuwa darasa la tatu nilianza kufumba jicho moja. Moja, mnaelewa? Mvulana akifanya hivyo, watu husema ana vumbi jichoni. Msichana akifumba jicho moja mbele ya mwalimu mwanamume, anakonyeza. "Unanikonyeza mimi?" Nilichapwa mbele ya darasa nikiwa na miaka 9, kwa kosa ambalo hata jina lake sikulijua. Na kadiri nilivyochapwa ndivyo jicho lilivyozidi, kwa hiyo nikachapwa tena, maana sasa ilikuwa kiburi.

Nikajifunza kuzuia. Hapo ndipo watu wengi hupotea: wakiona unaweza kuzuia, wanasema ni tabia, ni mchezo. Ndiyo, unaweza kuzuia, kama unavyozuia chafya wakati wa sala. Dakika moja, mbili, tano, huku kitu kinajaa nyuma ya jicho na shingoni, mpaka unaomba ruhusa ya choo ukajifungie huko uzitoe zote kwa pamoja. Mtu wa kifafa hana hata hiyo nafasi ya kuomba ruhusa. Ni vitu viwili tofauti, na hakuna hata kimoja kinachoambukiza kwa sahani.

Kuka, baba wa baba yetu, alikuwa akitupa kichwa pembeni kama mtu anayefukuza nzi sikioni. Sisi watoto tulimwiga tukicheka, naye alicheka pia. Senje wetu mkubwa hakuwahi kutikisa chochote, lakini hakuweza kulala kabla hajagusa komeo la mlango mara nane. Akipoteza hesabu alianza upya. Na huyu kaka yangu anayesoma chai: tulilala chumba kimoja miaka mingi. Usiku nilimsikia akiguna, mm, mm, mm, hadi usingizi umchukue. Alipofika sekondari ikaisha. Yeye labda alisahau. Mimi sikusahau.

Hesabuni: babu, senje, kaka, mimi. Hakuna hata mmoja wetu aliyetoka upande wa wifi.

Jina la kitu chenyewe nilikuja kulipata nikiwa na miaka 24, Nairobi, na hata hapo si mara ya kwanza. Daktari wa kwanza niliyemwona alinisikiliza vizuri, akaandika, kisha akaniambia kwa upole kwamba ninachokifikiria "ni ugonjwa wa wazungu." Wa pili ndiye aliyenyosha mambo. Zinaitwa tiki. Kwa sauti ni kama ile tiki ya mwalimu kwenye daftari, ila hizi ni miondoko au sauti za ghafla zinazojirudia bila mtu kuzipanga. Ukiwa na tiki za mwili zaidi ya moja, na angalau moja ya sauti, zikapita mwaka, na zilianza kabla ya miaka 18, jina kamili ni sindromu ya Tourette. Jina hilo linatokana na Georges Gilles de la Tourette, daktari aliyeeleza wagonjwa tisa huko Paris mwaka 1885.

Kwa kawaida huanza kati ya miaka 5 na 7, mara nyingi kwa macho. Huzidi karibu na miaka 10 hadi 12, na kwa wengi hupungua wanapokaribia utu uzima, kama ilivyopungua kwa kaka. Wavulana ni wengi kuliko wasichana, mara tatu au nne. Yale ya sinema, mtu anaporomosha matusi barabarani bila kutaka, ni ya wachache. Mara nyingi tiki haziji peke yake: huja na shida ya kutulia na kumakinika, au na fikra na matendo ya kujirudia yasiyokubali kuachwa. Komeo la senje, mara nane. Wanaochunguza familia hizi wamegundua kwamba urithi unaofanana unaweza kuonekana kama tiki kwa huyu na kama kuhesabu kwa yule. Nyumbani kwetu palikuwa kama darasa lao, ila hakuna aliyekuja kufundisha.

Sasa tuingie kwenye urithi wenyewe, maana ndipo ugomvi ulipo.

Mwaka 1985 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kuchunguza mapacha. Kwa mapacha wa yai moja, wale wanaofanana kama shilingi kwa shilingi, mmoja akiwa na Tourette, mwenzake alikuwa nayo pia katika asilimia 53 ya jozi. Kwa mapacha wa mayai mawili, asilimia 8. Rudieni hizo namba polepole. Kutoka 8 hadi 53 ni umbali mrefu, na unasema damu ina nguvu kweli. Lakini kutoka 53 hadi 100 pia kuna umbali. Watu wawili wenye jeni zilezile, tumbo lilelile, nyumba ileile, mmoja anayo na mwenzake hana. Kwa hiyo kinachorithiwa ni uwezekano. Mtoto anapokea uwezekano huo, kisha mambo mengine mengi ambayo bado yanachunguzwa yanaamua kama utaonekana, na kwa ukubwa gani.

Mwaka 2015, huko Sweden, walichambua rekodi za watu zaidi ya 4,800 wenye Tourette na tiki za kudumu, waliotambuliwa kati ya 1969 na 2009, pamoja na ndugu zao. Walikadiria mchango wa urithi kuwa asilimia 77. Namba hii hupotoshwa, kwa hiyo nisikilizeni. Haisemi kwamba mzazi akiwa na tiki basi watoto 77 kati ya 100 watazipata. Inasema kwamba ukiuliza kwa nini watu wa pale wanatofautiana, huyu anazo na yule hana, sehemu kubwa ya tofauti hiyo inaelezwa na jeni. Mzazi mwenye tiki anaweza kuzaa watoto wasio nazo. Mzazi asiye nazo anaweza kuzaa mwenye nazo. Kuka alizaa baba yetu, ambaye hakuwahi kupepesa jicho. Baba akatuzaa sisi.

Je, ni jeni gani? Wengi wanataka jibu la jina moja, kama polisi wanavyotaka mshukiwa mmoja. Kuna familia moja tu maarufu iliyowapa jibu la namna hiyo, iliyoelezwa mwaka 2010: baba na watoto wake wanane, wote wana Tourette, wote wamebeba hitilafu ileile kwenye jeni iitwayo HDC, inayohusika na kutengeneza histamini. Baba, narudia. Lakini hitilafu hiyo ni nadra mno, karibu haipatikani kwa wagonjwa wengine. Kwa wengi wetu hadithi ni nyingine. Mwaka 2019 utafiti mkubwa ulilinganisha watu 4,819 wenye Tourette na watu 9,488 wasio nayo, ukapekua jenomu yote. Ni sehemu moja tu iliyovuka kipimo chao kikali, ndani ya jeni FLT3 kwenye kromosomu ya 13. Kingine chote kilikuwa vipande vingi sana, kila kimoja na mchango mdogo.

Sisi Wakenya tuna neno la jambo hilo: harambee. Huyu anatoa shilingi kumi, yule hamsini, mwingine anatoa kuku, na mwishoni paa limeezekwa. Nenda umwonyeshe mtu shilingi iliyonunua bati. Huwezi. Vipande hivyo vidogo vimetawanyika kwa watu wote. Mimi ninavyo vingi, wifi ana vyake, mama mkwe ana vyake, na yule mtu wa maombi naye hakosi vichache mfukoni.

Ndiyo maana ninasema, na nilisema kikaoni, kwamba anayemlaumu mama hajui urithi. Hata angekuwa amempa mtoto kila kipande, hakukichagua. Hakuna mzazi aliyewahi kukaa na kupanga hizi nimpe, hizi nibaki nazo. Anachochagua mtu ni jinsi atakavyomtendea mtoto jicho linaporuka.

Hapa najua wasomaji wa mjini mnatikisa kichwa na kusema, pole, watu wa vijijini na ushirikina wao. Ngojeni. Zamu yenu imefika.

Nilikuwa na rafiki, mtu wa digrii mbili, tukiwa tunakunywa kahawa mahali ambapo kikombe kimoja ni bei ya kidogo wa mbwa kule kwetu. Nikamweleza haya yote. Akanisikiliza kwa makini, kisha akasema kwa sauti ya huruma, "Sasa kama iko kwenye jeni, si ungeacha tu kuzaa?" Mwingine niliyekuwa nimeanza kumpenda alisema hajali, ila dada zake wangetaka kujua "kama iko kwenye familia." Hakunipigia tena.

Sikieni basi. Kule nyumbani walisema jini. Huku mjini mnasema jeni. Imebadilika herufi moja, hukumu ni ileile. Jini humtenga mama, jeni inamtenga binti. Jini hufukuzwa kwa maombi, jeni inafukuzwa kwa kutopigiwa simu. Na angalau mtu wa maombi anaamini kwamba mtoto anaweza kupona.

Na msidhani mawazo hayo ni mapya au ya kisasa. Mwaka 1933 Ujerumani ilipitisha sheria ya kuwahasi kwa nguvu watu waliohesabiwa kuwa na maradhi ya kurithi, kifafa kikiwemo, na waliohasiwa walifika karibu 400,000. Mwaka uleule wa 1933, hapa hapa Nairobi, walowezi walianzisha chama cha kuchunguza "uboreshaji wa mbari." Kinara wake alikuwa daktari H. L. Gordon, aliyekuwa akihudumu katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, na aliyeuambia ulimwengu kwamba akili ya Mwafrika ni duni kwa kuzaliwa. Wao pia walisema ni sayansi ya urithi. Kwa hiyo mtu mweusi wa Nairobi anapoinua kikombe na kuamua nani azae na nani asizae kwa sababu ya damu, ajue amekalia kiti cha nani.

Mbwa wa Lubao huchaguliwa kwa jambo moja: alinde. Mtu hazaliwi kwa jambo moja. Kuka mwenye nzi wa kichwani alijenga nyumba tatu na kusomesha watoto sita. Ungemchuja sokoni, mimi nisingekuwepo kuandika.

Mwingine ataniambia, "Lakini si hizi zilikuwa za TikTok?" Ni kweli, wakati wa korona, 2020 na 2021, madaktari wa nchi kadhaa waliona vijana wengi, hasa wasichana, waliopata miondoko kama tiki kwa ghafla, na wengine walikuwa wametazama sana video za namna hiyo. Madaktari walizitofautisha: zile hulipuka katika ujana, kwa siku chache tu, na huwa kubwa tangu mwanzo. Hizi zetu huanza utotoni, polepole, jicho kwanza. Wale vijana nao walihitaji msaada, hawakuwa waongo. Lakini kuka hakuwahi kushika simu ya skrini maishani mwake.

Nirudi kwa yule daktari wa "ugonjwa wa wazungu." Sitamlaumu peke yake, kwa sababu hata vitabu vilimwambia hivyo. Mwaka 2008 mapitio ya kimataifa yaliyoheshimika yalisema Tourette hupata takriban mtoto mmoja kati ya 100 karibu kila mahali, isipokuwa kwa Waafrika weusi wa kusini mwa Sahara, ambako ni nadra. Nadra! Mimi nauliza swali la sokoni: nani alihesabu? Mtoto aliyerudishwa nyumbani na barua, alihesabiwa wapi? Yule aliyechapwa kwa kukonyeza, aliingia daftari gani? Mahali ambapo tiki huandikwa kama utovu wa nidhamu, kifafa au roho, hazitaonekana kwenye takwimu hata zikijaa kijiji. Labda kweli ni chache kwetu. Lakini uchache unaotokana na kutotazama haustahili kuitwa matokeo.

Na hapa kuna kichekesho kinachouma. Ukipanda matatu hapo Lubao ukielekea kaskazini, unapita Malava, unafika Webuye. Jina la Webuye linajulikana katika maabara za jeni kote duniani. Watu wa huko walitoa sampuli zao kwa mradi wa HapMap, kisha zikaingia katika ule mradi wa Jenomu 1000, uliotoa matokeo yake ya mwisho mwaka 2015 ukiwa na watu 2,504 kutoka jamii 26. Waluhya wa Webuye walikuwa 99. Wana herufi zao tatu, LWK, na mwanafunzi wa jenetiki wa Boston au Beijing anazijua kuliko anavyojua mji mkuu wetu. Damu ya majirani zetu imesaidia dunia kuelewa jenomu ya binadamu. Halafu ule utafiti wa tiki wa 2019, wa maelfu yote yale, ulikuwa wa watu wa asili ya Ulaya. Tuko kwenye kamusi, hatuko kwenye hadithi.

Msiniambie haiwezekani. Utafiti wa NeuroGAP-Psychosis umekusanya sampuli za mate Ethiopia, Kenya, Uganda na Afrika Kusini kuchunguza jeni za skizofrenia na maradhi mengine makubwa ya akili, na Eldoret ni mojawapo ya vituo vyake. Kwa hiyo njia ipo, na wataalamu wapo. Jenomu za Waafrika ndizo zenye utofauti mwingi kuliko zote duniani. Anayetafuta vipande vidogo vya harambee ile bila kututazama anahesabu michango ya kijiji kimoja na kusema amemaliza nchi.

Lakini mtoto wa kaka yangu hawezi kungoja jenomu. Kwa hiyo ninadai vitu vya karibu kuliko hivyo.

Walimu wafundishwe, hata kwa nusu siku tu, kwamba kuna mtoto anayepepesa bila dharau. Uchovu, woga na msisimko huzidisha tiki. Kiboko ni woga wenye mpini. Mtoto aruhusiwe kutoka nje dakika mbili, arudi, aendelee na hesabu zake.

Wataalamu wafundishwe tiba ya mazoezi. Mtoto anafunzwa kutambua ule msukumo unaokuja kabla ya tiki, kisha kufanya mwondoko mwingine unaoizuia isitoke, huku wazazi wakifunzwa kutoigeuza kuwa kioja. Mwaka 2010 Wamarekani waliijaribu kwa watoto 126: zaidi ya nusu ya waliopewa tiba hii walipata nafuu kubwa, dhidi ya chini ya mmoja kati ya watano wa kundi jingine, lililopewa ushauri wa kawaida. Haihitaji mashine wala bati la dhahabu. Inahitaji mtu aliyesomea, viti viwili na muda. Chuo Kikuu cha Masinde Muliro kiko kwenye barabara hiihii ipitayo Lubao. Mahali pa kuanzia si mbali.

Na wanaume waongee. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote. Kule kikaoni baba mkubwa aliniuliza, "Unataka kusema ukoo wetu una kasoro?" Nikamjibu, "Ukoo wetu una tiki, baba mkubwa, kama ulivyo na miguu mirefu." Wazee wawili wakacheka, mmoja akatoka nje, na mama mkwe wa wifi yangu, yaani mama yangu mwenyewe, akalia. Kaka hakusema neno. Jioni alinisindikiza hadi stendi. Soko lilikuwa limeisha, kamba zimebaki kwenye miti. Akaniambia, "Si ungeninong'oneza tu."

Nikamuuliza, "Wifi walimnong'oneza?"

Mtoto wake alikuwa ametufuata. Alikuwa anafumba macho, mara tatu, mara nne, na mimi nimechoka kwa safari, jicho langu nalo likaanza. Akaniangalia muda mrefu. "Senje," akasema, "kumbe na wewe?" Sijawahi kuona mtoto akifurahi hivyo kwa sababu ya ugonjwa.

Kaka yangu, najua utaisoma hii, kwa sababu nitakutumia mpaka uifungue. Wifi bado yuko kwao. Nauli kutoka Lubao hadi kwa wakwe zako unaijua. Siku ya soko nimekuona ukimwuliza mtu kuhusu baba wa mbwa kabla hujatoa pesa. Basi panda matatu, na ukifika usianze na pole, wala usianze na Mungu ni mwema. Anza na maneno haya: ilitoka kwangu.